Mgambo ni Nani?

MKONGWE WA KAGERA: Nisizunguke. Nataka jina langu. Mwaka 1978 niliaga kijijini kwenda kupigana na Idi Amin wa Uganda nikiwa mgambo, nikavuka Mto Kagera nikiwa mgambo, na Kampala ilipoanguka Aprili 1979 nilikuwa bado mgambo. Leo nikifungua redio asubuhi nasikia wanamgambo wa Al-Shabaab wamelipua hoteli Mogadishu, wanamgambo wa CODECO wameua watu huko Ituri, Congo. Nikija mjini kumwona mwanangu nasikia makelele, "Mgambo hao! Mgambo!" na wanawake wanatimua mbio na mabeseni kichwani. Mimi simo katika hao wa redioni, wala simo katika hao wanaokimbiza wanawake. Imekuwaje sote tukabebeshwa jina moja?

MHARIRI WA HABARI: Shikamoo mzee. Kwa upande wa redio nitajibu mimi, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Habari ya Ituri ikinifikia alfajiri, nina maneno machache ya kuchagua. Nikisema "magaidi" nimeshatoa hukumu, na mimi si hakimu. Nikisema "waasi" naweza kukosea, maana vipo vikundi vinavyopigana upande wa serikali. "Jeshi" ni la dola. Anayebaki ni raia mwenye silaha asiyekuwamo katika jeshi la dola, na Kiswahili kina jina lake: mwanamgambo. Sikulichukua kwa dharau.

MKONGWE WA KAGERA: Wapo pia "wapiganaji".

MHARIRI WA HABARI: Wapo, na tunawataja hivyo mara nyingi. Lakini kwa Mtanzania wa rika lako, mpiganaji ni kijana wa FRELIMO ya Msumbiji aliyepita Nachingwea kufunzwa. Nikimpa heshima hiyo aliyelipua hoteli, nawe utalalamika, na utakuwa na haki.

MKONGWE WA KAGERA: Basi nikuoneshe kitu ambacho dawati lako halikioni. Unasema raia mwenye silaha. Silaha ya nani? Sisi tuliandikishwa kwa majina, mbele ya watu wanaotujua na wazazi wetu. Tulianza na bunduki za mti tulizochonga wenyewe, tukapiga nazo kwata asubuhi kabla ya kwenda shamba. Ya chuma nilikabidhiwa kwa namba, nikatia sahihi. Vita vilipokwisha ikarudi ghalani, nami nikarudi kwenye migomba yangu. Huyo wa Ituri akirudi nyumbani bunduki anailaza uvunguni, na hakuna wa kumwuliza. Mgambo ni raia mwenye wa kumwuliza. Ukiondoa hilo, umebakiza mtu na bunduki tu.

WAKILI: Mzee amegusa penyewe, ila hadithi haikuanza 1978. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Nchi ilikuwa na uhuru wa miaka miwili na wiki chache, na serikali ikajikuta inawaita Waingereza waje kuwanyang'anya silaha askari wake yenyewe. Hebu tupime uchungu wa jambo hilo. Jeshi lile likavunjwa, na Septemba mwaka uleule likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), wengi wa waliosajiliwa wakitoka Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala. Mwaka 1965 ikaja sheria ya Jeshi la Akiba. Kisha matukio mawili yakafuatana: Novemba 1970 Wareno walivamia Guinea kwa njia ya bahari, na Januari 1971 Idi Amin akampindua Obote nchini Uganda. Mwezi mmoja baadaye, Februari, TANU ikatoa Mwongozo, nao ukataka wananchi wafundishwe kuilinda nchi yao. Kwa hiyo mgambo alizaliwa kumkabili adui wa aina mbili: mvamizi anayetoka nje, na mwanajeshi wa ndani anayeitamani Ikulu. Nchi ilitaka pawe na mwananchi wa kawaida anayejua kushika bunduki, ili waliomo kambini wasiwe peke yao wenye ujuzi huo.

MAMA LISHE: Wakili, na mimi niseme. Sijui Guinea. Najua jiko langu. Mzee wangu, pole kwa vita, tena asante, nasema kwa moyo. Lakini mgambo ninayemjua mimi anashuka kwenye karandinga saa nne asubuhi, wakati maharage yameshaiva na wali uko tayari. Hasemi kitu. Anachukua sufuria kwa kitambaa changu mwenyewe, maana ni la moto, anamwaga maharage mtaroni, sufuria linaingia kwenye gari. Kwenye kiti kuna mteja ameshalipa na hajala. Nikiuliza kosa langu naambiwa niende ofisini. Nikienda ofisini sufuria haliko kwenye orodha. Kifuani hana jina, hana namba. Nitamshtaki nani? Na wewe unasema mgambo ni mwenye wa kumwuliza.

MKONGWE WA KAGERA: Binti yangu, huyo si mgambo. Huyo ni askari wa halmashauri. Waitwe jina lao.

KIJANA MHITIMU: Samahani mzee, nakukatiza kwa heshima zote. Ni sisi. Mimi nimehitimu mafunzo ya Jeshi la Akiba. Miezi kadhaa ya jua: kwata, ukakamavu, kusoma ramani, ujanja wa porini, huduma ya kwanza, kufungua na kufunga silaha. Sare nilinunua mwenyewe, mama aliuza mbuzi. Siku ya kufunga mafunzo mkuu wa wilaya alikuja, tukapita na gwaride mbele yake, akatuambia sisi ni jeshi la wananchi na tukawe mfano. Kesho yake nikaamka sina kazi. Wenzangu wengine wanalinda maghala na benki kwenye makampuni ya ulinzi, kwa sababu matangazo yao ya kazi huuliza kama umepitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) au mgambo. Wengine ndio hao wa kwenye karandinga. Wanalipwa posho ya siku, na siku isiyo na operesheni hawapati kitu. Nawajua kwa majina. Tulilala hema moja.

MKONGWE WA KAGERA: Na unaona sawa?

KIJANA MHITIMU: Sioni sawa. Ila siwezi kukaa hapa nikakubali waitwe watu wengine ili mimi na wewe tubaki wasafi. Aliyewafundisha kwata ndiye aliyenifundisha mimi.

MHARIRI WA HABARI: Kwa hiyo mzee, jina halikuibwa. Liliajiriwa.

MKONGWE WA KAGERA: Liliajiriwa na nani? Hilo ndilo swali langu. Jirani zetu Wakenya wanaye mtu wa kukimbiza wachuuzi, nao wanamwita kanjo, kwa sababu katumwa na kaunsili. Polisi wao wa akiba, wanaolinda mifugo kule kaskazini, wana jina lao na hakuna anayewachanganya. Sisi tulishindwa nini? Halmashauri ilipotaka watu wa kubeba meza za machungwa, ilikosa jina lingine mpaka ikachukua la waliokufa?

WAKILI: Haikuwa halmashauri peke yake. Mwaka 1975 ilitungwa sheria iliyowapa mgambo uwezo wa kukamata watu, kama polisi. Mwaka 1989 marekebisho yakaenda mbele zaidi, yakavitambua na vikundi vya ulinzi vya jadi kama sungusungu. Nia ilieleweka: wizi wa mifugo Usukuma ulikuwa umewachosha watu, polisi walikuwa wachache na mbali. Lakini tazama kilichotokea. Mgambo wa 1971 alifundishwa kutazama mpakani. Mgambo wa 1975 akapewa ruhusa ya kumtazama jirani yake. Katikati ya miaka hiyo minne jina halikubadilika hata herufi moja; mtu anayekamatwa ndiye aliyebadilika.

MAMA LISHE: Hata hiyo miaka minne si safi. Marehemu mama yangu alihamishwa na Operesheni Vijiji, mwaka 1974. Alituhadithia kila mvua za kwanza zikinyesha, kwa sababu ilikuwa ni wakati wa kupanda. Walikuja mgambo na katibu wa chama, wakang'oa paa la nyasi ili asirudi. Vyungu vyake vya mbegu vikabaki wazi. Ngariba wa kijiji alikuwa akiwaita kwa majina vijana waliong'oa, kwa sababu aliwatahiri yeye. Hiyo ni kabla ya hiyo sheria ya wakili, na kabla ya vita vyako, mzee.

MKONGWE WA KAGERA: Niliandikishwa 1976, kijiji chetu kilikuwa kimeshahamia. Sisemi hivyo ili nijitoe. Kilichofanyika mwaka ule kilifanyika, na wapo waliofanya huku wakiamini wanajenga nchi. Ila nikuulize, binti yangu. Katika operesheni ile walikuwamo polisi. Walikuwamo wanajeshi na magari yao. Walikuwamo viongozi wa chama kuanzia mkoa hadi nyumba kumi. Leo hakuna anayesema jina la polisi limeoza lifutwe, wala la mwanajeshi. Lililobaki kuzomewa barabarani ni la mgambo tu. Kwa nini? Kwa sababu mgambo ni mtoto wa maskini, hana kambi ya kurudi kujifungia, hana msemaji wa kwenda redioni. Akishatumwa na kutupwa, kinachobaki ni jina lake, na hilo kila mtu analikanyaga.

MAMA LISHE: Hapo umesema kweli.

MHARIRI WA HABARI: Mzee, niruhusu neno gumu. Tunapomsifu mgambo wa Kagera, tunakumbuka kwamba jeshi lilivimba ndani ya miezi michache likapita watu 100,000, na kwamba mgambo wanakadiriwa kuwa 40,000 kati yao. Hatukumbuki Lukaya. Machi 10, 1979, Brigedi ya 201, iliyokuwa na mgambo wengi wasiowahi kuona vita, ilipigwa makombora ya Katyusha na Walibya waliokuja kumsaidia Amin. Makombora mengi yalipita juu. Hata hivyo safu ilivunjika na watu wakakimbia. Labda raia hafai kuwa askari, na jina zuri limetuficha hilo.

MKONGWE WA KAGERA: Nilikuwepo, kwa hiyo nitakusimulia kilichomo kwenye hayo maneno "safu ilivunjika". Barabara ya Masaka kwenda Kampala pale Lukaya inapita kwenye kinamasi. Kulia matope, kushoto matope. Jua lilikuwa linaelekea kuzama. Katyusha haiji moja moja; inakuja kama mbingu inapasuliwa mithili ya shuka, na ardhi inaruka hata pale ambapo haijakuangukia. Ndiyo, tulikimbia. Kijana wa pembeni yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alipoteza kiatu kwenye matope akaendelea na kimoja. Usiku makamanda wakapita barabarani gizani wanatukusanya kwa sauti, kikundi kwa kikundi. Hawakutupiga, hawakututukana. Brigedi ya 208 ilikuwa imeshazungushwa kwa nyuma ya adui. Alfajiri ya tarehe 11 tukarudi palepale tulipokimbia, na mwalimu yule akarudi na kiatu kimoja. Lukaya tukaichukua. Umesema labda raia hafai kuwa askari. Askari wa mshahara angerudi kwa sababu kutoroka kuna adhabu na kuna kazi ya kupoteza. Sisi tulirudi bila mshahara wa kuogopea.

MHARIRI WA HABARI: Sitabishana na aliyekuwepo. Nitabishana na neno. Zamani, mgambo hakuwa mtu. Mgambo ulikuwa tangazo: pembe inapigwa, watu wanakusanyika kusikia shauri la mji. Mpaka leo tunasema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na hakuna anayefikiria bunduki. Lilitoka kwenye tangazo likaenda kwa askari, na hakuna mpiga mbiu aliyelalamika kwamba amenyang'anywa. Wewe ulilipokea likiwa limeshahama mara moja. Unataka lisihame tena kwa sababu limefika kwako?

MKONGWE WA KAGERA: Lilihama kwa sababu iliyoeleweka. Pembe ililia, na aliyeitikia akaitwa kwa jina la pembe. Hao wa kwako wa Mogadishu waliitikia pembe ya mji gani?

KIJANA MHITIMU: Mashariki ya Congo kuna vijana wanaopigana na waasi wa M23, na wanaitwa Wazalendo. Neno hilo nilifundishwa darasani, somo la uraia: mzalendo ni anayeipenda nchi yake. Serikali yao imetunga hata sheria ya jeshi la akiba, mwaka 2023. Lakini nimewasikia Wakongomani wakisema mzalendo mmoja analinda kijiji na mzalendo mwingine anatoza fedha kila gari linalopita kwenye kizuizi chake. Sasa mama wa huko akisikia "mzalendo" anashika kwanza mkoba. Nikaogopa, kwa sababu niliona mwisho wa njia tunayoanza sisi. Jina linapotolewa kwa kila mwenye silaha bila kuulizwa katumwa na nani na anakula wapi, mwisho wake ni kizuizi cha barabarani.

WAKILI: Kijana ameniwahi. Sasa nisome upande wa Katiba. Ibara ya 28 inampa kila raia wajibu wa kuulinda uhuru na ardhi ya taifa. Ibara ya 147 inazuia mtu yeyote asiyekuwa Serikali kuunda jeshi, na inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa. Kisha inaeleza mwanajeshi ni nani: askari wa Jeshi la Ulinzi, wa Polisi, wa Magereza, wa JKT. Mgambo hakutajwa. Anafundishwa na mwanajeshi, anasimamiwa na mshauri wa Jeshi la Akiba wa wilaya, anaapishwa mbele ya mkuu wa wilaya, halafu tukija kwenye Ibara inayomfunga askari mbali na siasa, yeye yuko nje. Anaweza kuwa na kadi ya chama mfukoni na rungu mkononi siku moja. Huo ndio mwanya. Nami naona suluhisho linaanzia kwenye jina: nyaraka siku hizi zinasema "askari wa Jeshi la Akiba". Tuliimarishe hilo, wa halmashauri waitwe polisi wasaidizi chini ya sheria yao, na neno mgambo liende likapumzike.

MKONGWE WA KAGERA: Lipumzike! Mimi naomba lirudi, wewe unalizika.

MAMA LISHE: Nami nalikataa hilo la wakili, kwa sababu nyingine. Ukiniambia kesho yule aliyemwaga maharage ni "polisi msaidizi", umeninyang'anya neno la pekee nililonalo. Nikisema "mgambo" soko zima linajua nimetendwa nini. Serikali ikibadilisha jina, makosa yote ya jana yanabaki kwa mtu ambaye hayupo, na huyu mpya anaanza na daftari jeupe. Vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya mwaka 2018, vile vya shilingi 20,000, nilinunua. Nikaitwa mjasiriamali. Nilifurahi. Kisha tukaambiwa tuhame tena. Nimejifunza kutoshangilia jina jipya kabla ya kuona kazi yake.

WAKILI: Kwa hiyo, mama, unataka wabaki na jina linalomwumiza mzee?

MAMA LISHE: Nataka wabadilike wao kwanza. Mzee, nisikilize baba yangu. Wewe hukupewa heshima na jina. Uliondoka ukaacha migomba, ukakimbia Lukaya ukarudi, ndipo jina likawa na uzito. Hawa nao wafanye la kufanya. Aje mchana, kifuani ana jina na namba. Aniambie sheria ndogo ipi nimevunja. Akichukua sufuria aandike, anipe karatasi. Nikilipa faini anipe risiti. Akifanya hivyo nitamwita mgambo kwa sauti uliyoizoea wewe, hata kama siku hiyo amenishinda.

KIJANA MHITIMU: Na aliyemtuma amlipe mshahara, mama. Mtu wa posho ya siku anayeshika rungu ataitafuta posho hiyo kwako.

MAMA LISHE: Amlipe. Sikatai.

MHARIRI WA HABARI: Upande wangu ni rahisi kuliko pande zenu, sina kisingizio. Kikundi chenye jina nitakitaja kwa jina lake: Al-Shabaab, CODECO, basi. Sihitaji kukivika cheo. Ila panapotokea watu wenye silaha wasiojulikana, saa hiyohiyo ya alfajiri, nitaendelea kusema wanamgambo. Sina neno lingine lisilohukumu.

MKONGWE WA KAGERA: Ukisema hivyo, ongeza wa nani. Sema wametumwa na nani, au sema hawajulikani wametumwa na nani. Hilo halihitaji kamusi.

MHARIRI WA HABARI: Nalikubali hilo, mzee.

MKONGWE WA KAGERA: Na wewe wakili, usilizike. Lipeleke kwa wabunge. Waambie Ibara ya 147 inamsahau mgambo, wamwandike: anatumwa na nani, analipwa na nani, anamkamata nani na kwa kosa gani, na kwamba siku aliyovaa sare hana chama. Waandike sasa, wakati waliopita Lukaya bado wapo wa kuulizwa. Kijijini kwetu tumebaki wachache, na kila msimu wa kahawa unapokwisha tumeshamzika mwingine.